Kukata Sio Kukadiria: Senti Zako Huenda Wapi?

Nyie mnaonifuata kwa maneno ya simu za bei nafuu na bando za usiku, leo mnivumilie kidogo. Leo nina maneno kuhusu nukta. Ile nukta iliyo katikati ya nambari, na vile vitarakimu vinavyoifuata, ambavyo kila mtu husema "ah, hivyo achana navyo". Mimi nasema tusiachane navyo. Kila mashine inapoviacha, kuna mtu aliyeamua viachwe vipi, na huwa kuna upande unaopata na upande unaopoteza. Mara nyingi upande unaopoteza ni uleule.

Kwanza tuelewane kwa maneno, manake watu huyachanganya. Ukinipa 18.65 uniambie niifanye nambari nzima, nina njia mbili. Naweza kukadiria: naangalia iko karibu na nani, naona iko karibu na 19, naandika 19. Au naweza kukata: nachukua panga, napiga kwenye nukta, kila kilicho kulia kinaanguka, inabaki 18. Hata ingekuwa 18.99, panga ni panga, ni 18. Kwenye Python ya kwanza ni round na ya pili ni int. Kwenye JavaScript ni Math.round na Math.trunc. Tofauti ni herufi chache tu. Programa akiandika hii badala ya ile, hakuna kengele italia. Programu itafanya kazi vizuri kabisa, na wewe mteja hutajua.

Lakini zina tabia tofauti. Ukikadiria, leo unapandishiwa kidogo, kesho unashushiwa kidogo, na ukifanya hivyo mara elfu yale makosa yanakaribia kufutana. Kukata hakuna kesho. Ni chini leo, chini kesho, chini mpaka mwisho wa dunia (kwa nambari chanya, za deni nitazigusa baadaye).

Sasa njooni Lunga Lunga. Kwa wasiopajua, huku ni mwisho wa Kenya kwa barabara ya Pwani Kusini. Ukipita Msambweni, uendelee, ukifika kwetu mbele yako ni Horohoro, na Horohoro ni Tanzania. Machungwa ya Muheza hupita hapa. Nguo hupita hapa. Mama anaamka na shilingi za Kenya na jioni anarudi na za Tanzania, au kinyume chake, kwa hiyo huku hata mtoto wa darasa la nne anajua kuzidisha kwa kumi na nane na ushee.

Huo ushee ndio maneno yenyewe. Tuseme leo shilingi moja ya Kenya ni 18.65 ya Tanzania. Una 5,000. Hesabu kamili ni 93,250. Lakini ukikutana na mtu wa haraka haraka anakwambia "leo ni kumi na nane", yaani ameshakata kabla ya kuzidisha, na unaondoka na 90,000. Ameangusha nukta sitini na tano tu, ukisikia unaona si kitu. Ni 3,250 za Tanzania. Sahani ya wali hiyo, na soda yake.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia mtu yeyote anayejifunza kuandika programu za pesa ni hili: usiguse nukta mpaka hesabu iishe. Zidisha kwanza, gawanya kwanza, beba tarakimu zako zote kama mtu abebaye maji kichwani, halafu kadiria mara moja tu, mwisho. Kosa la shilingi nusu mwishoni ni la shilingi nusu. Kosa hilohilo mwanzoni linazidishwa na kila kitu kinachofuata.

Na geuza upande uone. Za Tanzania kwenda za Kenya, unagawanya kwa 18.65, au unazidisha kwa 0.0536 na tarakimu zinazoendelea. Sasa kuna programu za simu ambazo zimeambiwa kila kitu kiwe nafasi mbili za desimali, kwa sababu "pesa ina nafasi mbili". Basi 0.0536 inakuwa 0.05. Zile 93,250 ulizotoka nazo zinarudi 4,662.50. Umevuka mpaka na kurudi bila kununua hata andazi, na shilingi 337 na senti zimeyeyuka. Hapo hata hujakata, umekadiria vizuri tu, kwa kanuni. Nafasi mbili zinatosha kwa bei ya sukari. Kwa kiwango kinachoanza na sifuri nukta sifuri, ni wizi wa kitaalamu.

Lakini hadithi iliyonifanya niandike haya si ya mpakani. Ni ya chama.

Mamangu mdogo yuko kwenye chama cha akina mama thelathini, upande wa kwenda Vanga. Wanaweka akiba, wanakopeshana, na faida ya mikopo inagawanywa sawa kila mwezi. Zamani ilikuwa daftari. Halafu wakauziwa apu ya kuendesha chama, jina la kampuni nawaachia wenyewe, na kila mwezi kila mmoja akawa anapata ujumbe kwenye simu: gawio lako ni kadhaa. Safi. Tatizo, mwekahazina wao, mama mtu mzima anayeandika kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, hakuacha daftari lake. Na mama mmoja hapo kati akaamua kujumlisha. Wanawake wa kwetu usiwachezee kwenye kujumlisha.

Faida ya mwezi ilikuwa 20,000. Kila mmoja alipata 666. Mara thelathini, 19,980. Ishirini ziko wapi? Wakarudi nyuma mwezi kwa mwezi, na karibu kila mwezi kuna kitu hakipo. Miaka miwili ya apu, jumla shilingi 338.

Hakuna aliyetamka neno mwizi. Lakini si mnajua vile watu huanza kukuamkia nusunusu. Mkeka mmoja, lakini mwekahazina amekaa upande wake peke yake. Shilingi 338 haifiki hata kilo ya nyama, na ilikuwa inaelekea kuvunja urafiki wa miaka ishirini. Hapo ndipo nilipoitwa. "Mwanangu, si wewe ulisomea hayo mambo?" Nikamwambia nilisomea, mpaka karo iliponishinda mwaka wa pili. Akasema hiyo inatosha.

Sikuhitaji hata kuiona programu yenyewe. Niliomba miezi mitatu. Mwezi wa kwanza ni huo, 20,000 kwa 30, jibu 666.67, apu imelipa 666. Wa pili, 17,290, jibu 576.33, apu imelipa 576. Huo haunisaidii, ukikata au ukikadiria jibu ni moja. Wa tatu, 21,055, jibu ni 701.83, na apu imelipa 701. Basi. Anayekadiria angelipa 702. Hii apu inatumia panga.

Halafu nikawaambia akina mama waangalie yale mabaki ya miezi yote ishirini na minne. Ishirini, kumi, ishirini na tano, nne, sifuri, kumi na tisa... Kuna hata mwezi mmoja yaliyofika thelathini? Wakatafuta. Hakuna. Na hayawezi kufika, kwa sababu ukigawanya kwa watu thelathini, kinachobaki siku zote ni chini ya thelathini, kikifika thelathini kila mtu anaongezewa moja. Nikauliza, mwizi gani huyo anayeiba miezi ishirini na minne bila kufikisha shilingi thelathini hata mara moja, na ule mwezi faida inapogawanyika sawasawa haibi kabisa? Yule mama aliyejumlisha ndiye aliyecheka wa kwanza. Pesa zilikuwa zimelala kwenye akaunti ya chama muda wote huo. Hazikuwa na jina tu.

Sasa mtaniambia, si kampuni ibadilishe, iache kukata ianze kukadiria? Jaribuni. Mara 30 kwa 667 ni 20,010. Umegawa shilingi kumi ambazo hazipo. Mwezi wa tatu, 702 mara 30 ni 21,060, tano za hewa. Kukadiria kunafaa ukipima urefu wa ukuta. Kugawa kitu chenye mwisho ni hesabu nyingine, na watu wengi walioandika programu hawajawahi kuambiwa hivyo darasani. Unachofanya ni hivi: unamkatia kila mtu nambari nzima, 666, unahesabu kilichobaki, 20, halafu unakigawa moja moja kwa watu ishirini mpaka kiishe. Ishirini wanapata 667, kumi wanapata 666, jumla 20,000 kavu. Mwezi ujao unaanza na wale kumi. Nusu ukurasa wa programu, haizidi.

Niliwaeleza, wakasikiliza, wakakataa. Wakasema hiyo ya zamu italeta maneno mengine. Mabaki yote yanunue sukari ya chai ya mkutano, lakini yaandikwe. Mwekahazina akasema yataandikwa kwa kalamu nyekundu. Kwangu hilo ni jibu sahihi kuliko langu, kwa sababu wamelikubali wenyewe wakiwa macho. Kampuni walipoulizwa walijibu kwamba hiyo ni tofauti ndogo ya kimfumo. Ndogo kwa nani? Wao hawakukaa kwenye ule mkeka.

Haya, tuingie ndani ya mashine kidogo, msiogope. Kuna jambo linawashangaza wote wanaoanza. Fungua Python, andika 0.1 + 0.2. Unategemea 0.3. Inakupa 0.30000000000000004. Watu hudhani kompyuta imeharibika.

Mimi huwaeleza kwa kibaba. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Ukitaka pungufu ya kibaba, kuna nusu kibaba, kuna robo. Hata senti hamsini tuliita thumuni, na thumuni kwa asili yake ni neno la Kiarabu la sehemu moja ya nane. Nusu, robo, thumuni: unagawanya mara mbili, halafu mara mbili tena, halafu tena. Kompyuta inafikiria hivyohivyo. Yeye anajua mbili tu. Mpe nusu, 0.5, anaishika barabara. Robo, 0.25, barabara. Thumuni, 0.125, barabara. Sasa mwambie akupimie moja ya kumi. Na vipimo vyake vya nusu na robo, anamimina, anapunguza, anaongeza kijiko, anapunguza tena, hafiki. Anakaribia sana, lakini hafiki milele, kama wewe unavyoandika theluthi moja 0.3333 mpaka karatasi inakwisha. Kwa hiyo kila senti kumi unayomwandikia, anaihifadhi takriban. Kanuni za vipimo hivi ziliwekwa mwaka 1985, zinaitwa IEEE 754, na William Kahan aliyekuwa mbele katika kuzitunga alipewa tuzo ya Turing mwaka 1989. Si uzembe wa mtu. Ni mkataba, na karibu kila simu na kompyuta unayoiona inaufuata.

Balaa ni pale takriban inapokutana na panga. Bei ni 19.99, programa anataka senti, anazidisha kwa 100. Mashine inapata 1998.9999999999998. Ukikadiria, 1999, mambo shwari. Ukikata, 1998. Senti nzima imepotea na hakuna aliyefanya kosa la hesabu. Ndiyo maana watu wa pesa wenye akili hawaweki shilingi zenye nukta hata siku moja. Wanaweka senti, nambari nzima, na nukta wanaichora tu wakati wa kukuonyesha. Au wanatumia aina maalum za nambari, Decimal kwenye Python, BigDecimal kwenye Java, zinazohesabu kwa kumi kama sisi.

Kukuonyesha na kuhifadhi ni vitu viwili, hapo pia watu hujikwaa. Excel inaweza kukuonyesha 667 huku ndani imeshika 666.6667. Ukijumlisha kwa kidole unapata jumla nyingine na ile iliyoandikwa chini. Kamati nzima inagombana na karatasi.

Kuna anayesema haya ni ya vijisenti, dunia ya wakubwa haina shida hizi. Mwezi Januari 1982 soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake kikianzia 1,000. Kila hisa zikiuzwa, kompyuta ilikokotoa upya, halafu badala ya kukadiria ilikata kwenye nafasi ya tatu ya desimali. Sehemu ya elfu moja, nani anajali? Lakini ilikata maelfu ya mara kwa siku, kila siku. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeshuka mpaka karibu 524, na soko lenyewe lilikuwa linafanya vizuri tu. Walipohesabu upya kwa usahihi, ilikuwa 1,098. Nusu ya soko lilipotelea kwenye tarakimu ya nne.

Na kuna moja ambayo haina kicheko. Dada zetu wengi wa Pwani wameenda kufanya kazi Saudia, na majina kama Dammam na Dhahran si mageni nyumbani. Hapo Dhahran, tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa Wamarekani ulishindwa kulizuia kombora la Scud kutoka Iraki. Saa ya mtambo ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Moja ya kumi, ileile isiyoingia kwenye kibaba. Ilikuwa imekatwa ili itoshe kwenye nafasi ya biti 24. Mtambo ulikuwa umewashwa kama saa 100 mfululizo, na kile kipande kidogo kikajilimbikiza mpaka theluthi moja ya sekunde. Scud kwa muda huo limeshaenda zaidi ya nusu kilomita, kwa hiyo mtambo ulitazama mahali ambapo halipo. Wanajeshi 28 walikufa.

Nirudi kwenye vitu vidogo kabla sijawachosha. Nusu kamili, kwa mfano. 2.5 inaenda wapi? Shuleni tuliambiwa juu, 3. JavaScript inakubali, Excel inakubali. Python inakupa 2. Na 3.5 inakupa 4. Si ukichaa, inafuata kanuni ya kupeleka nusu kwenye nambari shufwa iliyo karibu, ili nusu zisiwe zinapanda juu siku zote. Ukihamisha hesabu za chama kutoka Excel kwenda Python bila kulijua hili, umejitafutia mkutano wa dharura. Na zile za deni nilizoahidi: hasi 3.5 ukiikata inakuwa hasi 3, deni limepungua. Ukiishusha chini inakuwa hasi 4, deni limeongezeka. Mkopeshaji atakayechagua ya kwanza bado sijakutana naye.

Sarafu nazo zina sauti. Zile mpya za Kenya zilizotoka Desemba 2018, zenye twiga, kifaru, simba na tembo, zinaanzia shilingi moja. Thumuni haimo. Wakati huohuo bei ya petroli inatangazwa kila tarehe 14 mpaka senti ya mwisho. Kwa hiyo senti ipo kwenye bei na haipo mfukoni, na katikati pale lazima mtu akadirie. Kanada walipoacha kusambaza senti moja mwaka 2013, walitoa utaratibu: taslimu kadiria hadi senti tano zilizo karibu, juu au chini, na malipo ya kadi yabaki na senti zake. Utaratibu unaojulikana, hicho tu ndicho ninachotaka mimi.

Basi nimetengeneza kikokotoo kidogo cha watu wa mpakani. Kinachukua kiwango chenye tarakimu zake zote, kinazidisha, kinakadiria mara moja mwishoni hadi shilingi hamsini za Tanzania, kwa sababu huko sarafu ndogo unayoiona kwa kawaida ni hiyo. Chini yake kuna mstari mmoja wa ziada: mabaki. Mfano 5,001 za Kenya kwa kiwango chetu ni 93,268.65. Unapewa 93,250, na mstari unasema mabaki 18.65, yamebaki kwa mbadilishaji. Hakuna lawama hapo, ni taarifa. Akina mama wanakipenda.

Wabadilishaji pesa, si sana. Mmoja tunayejuana alinivuta kando. "We kijana, ukiwaandikia watu mabaki, sisi tutakula nini?" Nikamwambia, andika ada yako wazi. Kazi unafanya, unakaa juani, ulipwe. Akanitazama kama mtoto. "Nikiandika ada ya shilingi hamsini, mteja atavuka barabara aende kwa mwenzangu ambaye hajaandika kitu na anamkata mia tatu kwenye kiwango." Na hapo ana hoja, siwezi kumdanganya. Aliyeandika ndiye anayeonekana ghali.

Juzi karudi. Anataka nimtengenezee kikokotoo chake mwenyewe, chenye jina lake juu, ila ule mstari wa chini usiwepo, na atanilipa taslimu. Pesa nazihitaji, karo ya mdogo wangu inakaribia. Nimemwambia nitamtengenezea, jina lake nitaliweka kubwa, rangi achague yeye, lakini mstari utabaki. Alisema atafikiria. Hajapiga simu bado.